Mwaka wa kwanza wa sayansi ya afya: kuusoma mwili kwa kufuata sababu

Wengi wanaoingia mwaka wa kwanza wa udaktari, uuguzi, famasia, maabara au afya ya jamii wamefika hapo kwa kukariri. Walikariri mifupa, wakakariri tezi, wakafaulu. Chuoni njia hiyo huishiwa pumzi mapema, mara nyingi kabla ya testi ya kwanza. Mhadhara mmoja huja na majina mapya mengi kuliko mada nzima ya sekondari, kesho yake upo mwingine, na madesa ya waliotangulia yanazidi kurundikana kwenye simu. Anayeendelea kukariri hukesha, na bado swali likigeuzwa kidogo tu anakwama.

Mwongozo huu umeshikilia jambo moja: mwili husomwa kwa kufuata sababu. Kila kiungo kina kazi, kazi hiyo ikikatika kuna kitu kinafuata, na hicho kinachofuata ndicho mgonjwa anachokuja nacho zahanati. Ukizoea kufuata njia hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho, majina hukaa kichwani kwa sababu yana mahali pa kukaa.

Hatua ya 1: Gawa kila mada safu tatu

Chukua muhtasari wa kozi. Kama hukupewa wiki ya kwanza, uombe. Kwa kila mada, chora safu tatu kwenye karatasi. Safu ya kwanza andika vitu vyenyewe: viungo, seli, kemikali. Ya pili andika kazi: nini kinatoka wapi kwenda wapi, na kinasukumwa na nini. Ya tatu ipe jina "kikikatika", uandike kinachotokea kazi hiyo ikishindikana. Safu hii ya tatu ndiyo wanafunzi wengi huiacha tupu, na ndiyo mitihani inakotoka.

Tuchukue vifuko vya hewa vya mapafu. Vitu: kuta nyembamba sana za seli, zimezungukwa na kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu. Kazi: oksijeni huvuka kutoka ilikojaa kwenda ilikopungua, na huvuka upesi kwa sababu umbali ni mdogo na eneo ni kubwa. Kikikatika: nimonia hujaza vifuko majimaji, oksijeni haivuki vizuri, mtoto anapumua harakaharaka na kifua kinabonyea kila anapovuta hewa. Ndiyo maana mhudumu wa zahanati hukaa na saa akihesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akifikisha 40, huyo anapumua haraka kupita kawaida. Namba hizo ukizisoma peke yake utazisahau. Ukizisoma ukiwa unauona ukuta ule uliojaa maji, hazitoki.

Hatua ya 2: Chora mzunguko wa damu bila kutazama kitabu

Anza na mfumo wa damu, hata kama chuo chako kinaanza na mifupa. Karibu kila mada nyingine itapita hapo: figo huchuja damu, homoni husafiri kwenye damu, dawa unazomeza hufika ziendako kwa damu.

Mfuate chembe nyekundu mmoja kwa kidole. Ametoka uboho ulio ndani ya mifupa, ataishi kama siku 120. Anaingia chumba cha juu cha kulia cha moyo, anapita vali, anashuka chumba cha chini cha kulia, anasukumwa kwenda mapafuni, anapakia oksijeni, anarudi chumba cha juu cha kushoto, anashuka chumba cha chini cha kushoto, anatoka kwa nguvu kupitia aota, mshipa mkuu wa mwili, anafika kapilari za msuli wa mguu, anaachia oksijeni, anarudi kwa vena. Chora hivyo kwenye karatasi tupu, kisha linganisha na kitabu, kisha itupe karatasi uanze upya siku nyingine. Rudia hadi uweze kuchora huku unaongea.

Hapa kuna makosa mawili yanayorudi kila mwaka. La kwanza: "ateri hubeba damu yenye oksijeni." Si lazima. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni, uwe umebeba nini. Ateri ya mapafu hubeba damu iliyopungukiwa oksijeni, na vena za mapafu hurudisha iliyojaa. La pili: upande wa kushoto wa moyo una ukuta mnene, basi mtu anaandika kwamba unasukuma damu nyingi kuliko wa kulia. Hapana. Pande zote mbili husukuma kiasi kile kile kwa dakika. Zingetofautiana, damu ingerundikana mapafuni au mwilini. Kinachotofautiana ni shinikizo. Kushoto hufikia kama milimita 120 za zebaki kwa sababu damu inakwenda mpaka kisigino na utosi, kulia hufikia kama 25 tu kwa sababu mapafu yako jirani.

Ukimaliza mchoro, fanya hesabu iliyobadilisha elimu ya mwili. Mwaka 1628 daktari Mwingereza William Harvey alitumia hesabu ya namna hii kuonyesha kwamba damu huzunguka. Kwa namba za leo: kila pigo la moyo wa mtu mzima aliyepumzika hutoa kama mililita 70, na moyo hupiga kama mara 70 kwa dakika. Zidisha: mililita 4,900, karibu lita 5 kwa dakika. Kwa saa moja zinakaribia lita 300. Mwili mzima una damu kama lita 5. Hakuna chakula wala kinywaji kinachoweza kuzalisha lita 300 za damu mpya kila saa, kwa hiyo ni damu ile ile inayorudi. Ukiweza kumweleza mwenzako hoja hii tangu mwanzo hadi mwisho, umeshaanza kufikiri kama mwanafiziolojia, mtaalamu wa kazi za mwili.

Hatua ya 3: Beba namba chache, lakini zibebe na vizio vyake

Usikariri jedwali zima la vipimo. Namba za kuanzia ni hizi: joto kama nyuzi 37 za selsiasi, asidi ya damu, yaani pH, kati ya 7.35 na 7.45, sukari ya damu kabla ya kula kama milimoli 4 hadi 5.5 kwa lita. Hewa ya pumzi moja ya kawaida kama mililita 500, ambazo 150 hivi huishia kwenye njia za hewa bila kufika kwenye vifuko. Halafu zitumie. Mgonjwa anayevuta pumzi fupi za mililita 200 anapeleka kiasi gani kwenye vifuko? Mililita 50 tu. Apumue mara 30 kwa dakika, bado zinafika mililita 1,500, wakati aliyetulia anayepumua mara 12 anapata 4,200. Kumbe kupumua haraka si lazima kuwe kupumua vya kutosha.

Figo nazo zina hesabu ya kushangaza: huchuja kama lita 180 kwa siku, lakini mkojo ni kama lita moja na nusu. Zaidi ya asilimia 99 ya kilichochujwa kinarudishwa. Sehemu ya majimaji ya damu ni kama lita 3, maana yake inachujwa mara 60 kwa siku. Ukilijua hilo, hutahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini dawa inayopunguza urudishaji huo kwa asilimia moja tu inampeleka mtu chooni.

Hatua ya 4: Tafuta mduara, kisha uliza umekatikia wapi

Mwili hujirekebisha. Kila mfumo wa kujirekebisha una kinachopima, kinachoamua na kinachotenda, na matokeo humrudia anayepima. Umekula ugali, sukari ya damu imepanda. Seli maalumu za kongosho zinaipima na kumwaga insulini. Misuli na mafuta ya mwili yanaichukua sukari, ini linaihifadhi, kiwango kinashuka, insulini nayo inapungua. Ukikaa na njaa, homoni nyingine ya kongosho, glukagoni, inaliambia ini lifungue ghala.

Sasa ukate mduara huo sehemu mbalimbali. Seli zinazotoa insulini zimeharibiwa: hiyo ni kisukari aina ya kwanza, na mgonjwa lazima apewe insulini. Insulini ipo lakini mwili haiitikii vizuri, na kongosho linachoka taratibu: hiyo ni aina ya pili, na ndiyo maana kupungua uzito, mazoezi na vidonge vinaweza kusaidia. Kwa nini mgonjwa anakojoa sana na kuona kiu? Sukari imezidi uwezo wa figo kuirudisha, inabaki kwenye mkojo na kuvuta maji. Haya yote yamo ndani ya mduara mmoja uliochorwa kwenye nusu ukurasa. Fanya hivyo kwa joto la mwili, shinikizo la damu na maji mwilini.

Hatua ya 5: Beba ugonjwa mmoja kutoka kwenye jeni hadi kijijini

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na ninakushauri uifanye kwa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu (sickle cell). Ni ugonjwa wa kwetu, unapita mada karibu zote za mwaka wa kwanza, na kuna watoto wengi ambao maisha yao hutegemea mhudumu anayeuelewa.

Anzia kwenye himoglobini. Ni protini ya minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta, na kila mnyororo umeshika chembe ya chuma inayobeba oksijeni. Jeni ya beta iko kwenye kromosomu ya 11. Herufi moja ya jeni hiyo ikibadilika, asidi amino (kipande kimoja cha vile vinavyojenga protini) ya sita kwenye mnyororo wa beta inakuwa valini badala ya asidi glutamiki. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti, na katikati ya miaka ya 1950 Vernon Ingram akaonyesha tofauti yenyewe ni hiyo asidi amino moja.

Kwa nini kitu kidogo hivyo kiwe na madhara makubwa? Asidi glutamiki ina chaji na inapatana na maji. Valini haina, inayakwepa. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo inajibanza kwenye himoglobini ya jirani, nayo kwa nyingine, mpaka zinafanyika nyuzi ndefu zinazoikunja chembe iwe na umbo la mundu. Kutoka hapo njia zinagawanyika mbili, na inafaa uzichore kama matawi.

Tawi la kwanza: chembe zinavunjika mapema. Badala ya siku 120 zinaishi kama siku 10 hadi 20. Uboho hauwezi kuziba pengo lote, kwa hiyo damu inapungua na mtoto anachoka. Mabaki ya himoglobini yanageuka kemikali ya njano, macho yanakuwa ya njano, na baadaye mawe yanaweza kujitengeneza kwenye kifuko cha nyongo.

Tawi la pili: chembe zinakwama kwenye mishipa midogo. Kiungo kinakosa oksijeni, yanakuja maumivu makali ya mifupa. Kwa mtoto mdogo mara nyingi ni mikono na miguu kuvimba. Mshipa wa ubongo ukiziba, ni kiharusi. Bandama nayo inaharibika mapema utotoni, na kwa kuwa ndiyo inayochuja bakteria kama wale wa nimonia, mtoto anabaki wazi kwa maambukizi. Hapo ndipo penisilini ya kila siku mpaka angalau miaka 5 inapopata maana, pamoja na chanjo.

Sasa jiulize swali ambalo mitihani hulipenda: mtoto amezaliwa na ugonjwa huu, mbona miezi ya mwanzo anaonekana mzima? Kwa sababu himoglobini ya mtoto aliye tumboni haina minyororo ya beta. Ina ya gama. Inapungua polepole baada ya kuzaliwa, na dalili hujitokeza takriban kuanzia mwezi wa tano au wa sita. Na dawa ya haidroksiyurea inasaidiaje? Huamsha tena himoglobini ile ya utotoni. Unaona? Dawa hukuikariri, umeifikia mwenyewe.

Panda ngazi moja, uende kwa jamii. Kwa nini jeni yenye madhara hivi imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu za baridi? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliliona hilo alipopima watu Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1949, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba anayebeba jeni moja tu amekingwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria. Penye mbu na malaria ya kudumu, wabebaji walinusurika zaidi na kurithisha jeni.

Malizia na hesabu. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa, 2 kati ya 4 ya mbebaji, 1 kati ya 4 ya asiyebeba kabisa. Zingatia "kila mimba". Familia iliyopata mtoto mmoja mgonjwa haijamaliza zamu yake. Mimba inayofuata inaanza na nafasi ile ile. Chukua eneo la mfano ambako mtu 1 kati ya 5 ni mbebaji. Nafasi ya wazazi wote kuwa wabebaji ni 1/5 × 1/5, na ya mtoto kuugua ni robo ya hiyo: 1 kati ya 100. Na lielewe vizuri hili, kwa sababu siku moja utaketi mbele ya mama anayelaumiwa na ukoo wa mumewe kwamba amewaletea ugonjwa. Mtoto hawezi kuwa na himoglobini ya SS, yaani jeni zote mbili za selimundu, bila kupokea jeni kwa baba na kwa mama. Ni wajibu wako kulisema hilo kwa upole, na baba akiwepo.

Hatua ya 6: Maabara si mahali pa kusindikiza wenzako

Kwenye kikundi cha watu sita, wawili hufanya na wanne huangalia. Usikubali kuwa wa kuangalia. Mfano mzuri ni mpako wa damu, yaani tone la damu lililotandazwa juu ya kioo cha slaidi. Vaa glavu. Safisha kidole kwa spiriti, kiache kikauke, choma pembeni kidogo ya ncha, futa tone la kwanza. Weka tone dogo karibu na ukingo wa slaidi. Chukua slaidi ya pili, iinamishe nyuzi 30 hadi 45, irudishe nyuma mpaka iguse tone, ngoja damu itambae ukingoni, kisha isukume mbele kwa mkupuo mmoja bila kukandamiza. Ukisitasita utaona mistari. Tone likiwa kubwa, damu inafika mwisho wa slaidi bila kuwa nyembamba popote.

Mpako mwembamba ukikauka unawekwa methanoli ili chembe zishike, ndipo upakwe rangi ya Giemsa. Mpako mnene, yaani damu iliyoachwa tabaka nene, hauwekwi methanoli, kwa makusudi: maji ya rangi yanapasua chembe nyekundu ili uone vimelea vya malaria vilivyokuwa kwenye tabaka nyingi kwa mara moja. Mnene hukwambia kama vimelea vipo, mwembamba hukusaidia kujua ni vya aina gani. Tumia lenzi ya mafuta, tafuta sehemu ambayo chembe zimelala safu moja zikikaribia kugusana. Utaona duara za rangi ya waridi zilizopauka katikati, bila kiini, upana kama mikromita 7 hadi 8, na hapa na pale chembe nyeupe yenye kiini cha zambarau. Kimelea kichanga cha malaria ni pete ndogo ya buluu yenye nukta nyekundu. Chora ulichokiona wewe. Mchoro wa kunakili kitabuni mwalimu anautambua mara moja. Sindano uliyotumia iende moja kwa moja kwenye kisanduku chake.

Hatua ya 7: Kipimo kikisema ndiyo, uliza kwa nani

Somo la takwimu hukimbiwa na wengi. Mfano huu mmoja utakufikisha mbali. Kipimo fulani hukamata wagonjwa 90 kati ya 100, na kati ya wazima 100 huwakosea 5. Pima watu 1,000 mahali ambapo asilimia 10 wanaumwa. Wagonjwa 100, kipimo kinakamata 90. Wazima 900, kinawasingizia 45. Walioambiwa "unaumwa" ni 135, na kweli 90 wanaumwa: theluthi mbili. Peleka kipimo kile kile mahali ambapo anayeumwa ni asilimia 1 tu. Wagonjwa 10, kinakamata 9. Wazima 990, kinawasingizia kama 50. Sasa walioambiwa wanaumwa ni 59, wa kweli 9, chini ya mmoja kwa sita. Kipimo hakijabadilika, kilichobadilika ni watu waliopimwa. Fanya hesabu hii kwa mkono, kwa watu 1,000, kabla hujagusa fomula yoyote.

Hatua ya 8: Ratiba, kikundi na chumba cha mtihani

Jioni ya siku ya mhadhara, funga daftari uandike unachokumbuka kwa dakika ishirini, ndipo ufungue ujaze mapengo kwa rangi nyingine. Rudia baada ya siku chache, kisha baada ya wiki. Kupiga msuli usiku mmoja kabla ya testi ni mbio za sakafuni.

Kikundi kiwe cha watu watatu au wanne. Kila mmoja aeleze mada moja kwa Kiswahili, kwa sauti, bila karatasi, na wenzake wamkatize kwa "kwa nini?" kila anaporuka hatua. Baada ya hapo kila mtu aandike maelezo yale kwa lugha ya mtihani, maana kuelewa kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine ni kazi inayohitaji mazoezi yake. Mitihani iliyopita itumieni kwa kujibu, si kwa kukusanya majibu.

Ndani ya chumba cha mtihani, soma kitenzi cha swali. "Taja" inataka orodha fupi. "Eleza" inataka sababu zilizofuatana, na alama ziko kwenye viungio: "kwa hiyo", "matokeo yake", "ndipo". Ukiandika "selimundu husababisha upungufu wa damu" umepata alama moja. Ukiandika kwamba himoglobini inajishikamanisha ikishaachia oksijeni, chembe inakunjika na kukakamaa, inavunjika mapema, uboho unashindwa kuziba pengo, ndipo damu inapungua, umejibu swali zima kwa mistari mitatu. Kila namba iwe na kizio chake. Mchoro uwe mkubwa, na mistari ya majina isikatizane. Zikibaki dakika kumi, pitia majibu ya "eleza" ukitafuta hatua uliyoiruka.